Mjumbe Hauawi: Historia ya Indiketa na Datsun 240Z Iliyogoma Kukata Kulia

 Najua wengi wenu mko kwenye vimbweta mnapambana na madesa, na wengine mnasubiri bumu kama wakulima wa Dodoma wanavyosubiri mvua. Leo naomba tupumzike kidogo, tuongee historia. Ila si Mkutano wa Berlin wala Vita vya Majimaji, hizo tutazifundisha mpaka tustaafu. Leo ni historia ya ile taa ndogo ya njano inayowaka na kuzima pembeni mwa gari. Indiketa.

Najua kuna mtu ameshaguna, "Ndo umekosa cha kuandika?" Ngoja kwanza. Nitawapitisha kwenye gari moja la zamani la michezo, Datsun 240Z, na ugonjwa wake wa kutoonyesha ishara ya kulia. Hoja yangu ni moja tu: ishara ya gari ilianzia mkononi mwa dereva, ikasogea taratibu mpaka mahali ambapo dereva mwenyewe haioni. Kuanzia hapo ikabidi awepo mjumbe wa kumletea habari. Ukitengeneza gari la zamani bila kumjua huyo mjumbe, unaweza kubadilisha vifaa vyote na bado ukagongwa.

Mwanzo ulikuwa mkono

Magari ya kwanza hayakuwa na indiketa kabisa. Ukitaka kukata kona unatoa mkono nje, basi. Hata leo ishara za mikono zimo kwenye mafunzo ya udereva, ingawa ukizitumia Kariakoo watu watadhani unasalimia. Mkono ulikuwa na uzuri mmoja: huwezi kuutoa nje bila kujua kwamba umeutoa. Ishara na mtoa ishara ni kitu kimoja.

Ubaya wake tunaujua. Usiku hauonekani, mvua inaulowesha, na gari likishafunikwa kwa paa na vioo unakuwa usumbufu. Basi watu wakaanza kubuni. Mmoja wao hatajwi sana, naye ni mwigizaji wa sinema, Florence Lawrence, mzaliwa wa Hamilton, Kanada, mmoja wa nyota wa mwanzo kabisa wa filamu za Marekani. Huyu dada alipenda magari kupita kiasi, na mwaka 1914 akabuni kibendera cha nyuma kinachonyanyuka dereva akibonyeza kitufe, kuonyesha anaelekea upande gani. Akabuni pia kibao cha kuonyesha gari linasimama, kinachojitokeza ukikanyaga breki. Hakusajili hataza, kwa hiyo hakupata hata senti. Alifariki Desemba 1938. Kumbukeni huo mwaka.

Ulaya wakaja na mkono wa bandia. Ulikuwa kijiti chenye taa ndani, kimelala kwenye nguzo kati ya milango. Ukigusa swichi, sumaku ya umeme inakisukuma nje kama sikio la punda. Morris Minor ilikuwa nacho mpaka mwaka 1961, na Volkswagen za "kobe" za Ulaya ziliachana nacho miaka hiyo hiyo. Magari hayo yote mawili yalijaa Afrika Mashariki, muulizeni babu yeyote aliyekuwa na kazi ya serikali miaka ya hamsini. Kijiti kilikuwa na tabia ya kukwama, na dawa yake ilikuwa ngumi: unapiga nguzo, kinatoka. Tuseme ukweli, hiyo ngumi nayo ilikuwa mawasiliano. Dereva aligeuza kichwa, akaona kijiti hakijatoka, akachukua hatua.

Halafu ikaja taa ya kuwaka na kuzima. Kampuni ya Buick ya Marekani iliiweka kwenye magari yake ya modeli ya 1939, taa za nyuma tu. Modeli ya 1940 ikaongezewa taa za mbele, pamoja na swichi inayojirudisha yenyewe usukani ukinyooka. Yaani dada Florence aliondoka duniani wazo lake likiwa mlangoni kabisa mwa kiwanda.

Taa ya kuwaka na kuzima ilishinda kwa sababu jicho la binadamu haliwezi kuipuuza. Lakini angalieni kilichopotea. Taa ya nyuma iko nyuma. Dereva amekaa mbele. Sasa dereva alikuwa anatoa ishara asiyoweza kuiona, kwa mtu asiyeweza kuongea naye. Atajuaje kwamba imetoka? Ndiyo maana kwenye dashibodi kuna kataa kanakomeremeta na kwenye masikio yako kuna ule mlio wa tik, tik, tik. Wengi tunadhani ule mlio ni mbwembwe. Kumbe ndiye mjumbe wetu.

Gari lenyewe

Sasa twende kwenye Datsun. Nissan waliitoa Japani mwishoni mwa 1969 kwa jina la Fairlady Z, na nje ya Japani ikaitwa Datsun 240Z. Hiyo 240 ni ukubwa wa injini, lita 2.4, silinda sita zimepangwa mstari mmoja. Bei yake ya kuanzia Marekani ilikuwa dola 3,526, na kwa gari la michezo lenye sura ile, Wamarekani walipanga foleni. Aliyelipigania sana huko ni Yutaka Katayama, aliyekuwa akiongoza Nissan nchini Marekani. Jina la 240Z lilidumu mpaka 1973, kisha ikaja 260Z.

Lakini kwetu huku gari hili halikuja kama pambo la tajiri. Lilikuja kushindana. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na tangu 1960 yakaitwa East African Safari. Barabara hazikufungwa, kwa hiyo dereva wa mashindano alikutana na malori, ng'ombe na wapita njia kama mtu mwingine yeyote. Mwaka 1971 Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, na mwenzake Hans Schüller walishinda wakiwa na 240Z. Mwaka 1973 ikashinda tena, safari hii mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Mehta alikuwa mzaliwa wa Uganda aliyehamia Kenya baada ya Idi Amin kushika madaraka. Mwaka huo alimaliza kwa pointi sawa na Harry Källström, naye wa Datsun, na ushindi ukaamuliwa kwa kanuni ya kuvunja sare. Baadaye Mehta alishinda tena mara nne mfululizo, 1979 mpaka 1982. Jumla mara tano!

Kwa hiyo tunaongelea gari lililoshinda tope na vumbi letu. Miaka hamsini baadaye, kijiko kimoja cha kutu kinaiangusha. Na kutu hiyo inakaa mahali ambapo mtu wa kawaida hatazami.

Mjumbe anavyofanya kazi

Chini ya dashibodi ya magari ya enzi zile kuna kikopo cha bati kinachoenea kiganjani. Mafundi wanakiita flasha. Ndani hakuna kompyuta. Kuna ukanda wa metali mbili tofauti zilizogandishwa pamoja. Umeme wa kwenda kwenye taa unapita humo na kuupasha moto. Metali moja inatanuka kuliko nyingine, ukanda unapinda, njia ya umeme inabadilika, ukanda unapoa, unanyooka, mchezo unaanza upya. Tik, tik, tik. Kanuni za kimataifa zinataka mapigo kati ya 60 na 120 kwa dakika.

Wale wa Fizikia nisaidieni hapa, sisi wa Historia na Kiswahili hesabu tunaziogopa. Balbu ya kawaida ya indiketa ni wati 21. Kila upande zipo mbili, mbele na nyuma, jumla wati 42. Gawanya kwa volti 12 za betri, unapata ampea 3.5. Hizo ndizo zinazopasha moto ule ukanda. Sasa balbu moja ikiungua zinabaki ampea 1.75. Joto halitoshi. Flasha ya zamani inazubaa, inapiga taratibu, au inaganda kabisa.

Mmeona ujanja wake? Flasha inahesabu taa bila kuziona. Mlio ukibadilika, maana yake kuna taa huko nyuma haifanyi kazi. Flasha nyingi za elektroniki zilizokuja baadaye zilitengenezwa kutoa taarifa hiyo hiyo kwa kukimbia mbio taa ikifa. Ila zipo pia za bei poa zinazopiga mlio ule ule hata gari zima liwe giza. Hizo ndizo za kuogopa.

Jambo la pili la kujua ni kwamba gari halina nyaya mbili kamili kutoka betri mpaka kila taa. Umeme unakwenda kwa waya, lakini kurudi unarudi kwa bodi la chuma. Pale taa inapofungwa kwenye bodi pakiota kutu, umeme unakuta mlango mgumu. Tuchukue kutu yenye ukinzani wa omu 1 tu kwenye njia ya taa zote mbili. Kwa hesabu ya haraka, badala ya volti 12 taa zinapata kama volti 9, na kwa balbu za zamani mwanga unaanguka zaidi ya nusu. Balbu nzima. Fyuzi nzima. Waya mzima. Lakini mchana wa jua kali aliye nyuma yako haoni kitu.

Ugonjwa wa gari la mzee

Nilikutana na 240Z wakati wa BTP, nikiwa Arusha. Karibu na nilipopanga aliishi mzee mmoja mstaafu, mpole, ananiita "mwalimu" utadhani nina miaka thelathini kazini. Gari lake lilikuwa jekundu, limefubaa, na alikuwa analitoa Jumapili tu kwenda kanisani. Jumapili moja alitaka kukata kulia kutoka barabara ya Moshi. Akaweka indiketa, akaangalia, akaanza kuingia. Basi dogo lililokuwa nyuma halikuona ishara yoyote, likampita kulia hapo hapo. Halikumgusa, ila kioo cha pembeni kilikwenda.

Fikirieni kidogo. Sisi tunaendesha kushoto na usukani uko kulia. Ukigongwa ukiwa unakata kulia, kinachogongwa kwanza ni mlango wako wewe.

Baada ya hapo nyumba ikawa na kikao. Mtoto wake mkubwa akasema gari liuzwe. Mpwa wake akasema dawa ni kununua flasha mpya ya elektroniki na balbu za LED, mambo yaishe. Fundi mmoja akashauri nyaya zote zing'olewe zisukwe upya, kwa bei ambayo mimi ningelipa ada ya muhula na chenji ikabaki. Mzee alikuwa ameshaanza kukubali kuuza. Unamwona kabisa mtu anayeagana na ujana wake kwa sababu ya taa.

Akaletwa fundi umeme mwingine, mtu mzima, kimya, na kitaa chake cha kupimia chenye nyaya mbili. Swali lake la kwanza halikuhusu vifaa. Aliuliza, "Mzee, ukiweka kulia mlio ukoje, na ukiweka kushoto ukoje?"

Mzee akajibu bila kufikiri, "Kushoto unapiga vizuri. Kulia unajivuta. Unajivuta tangu mwaka jana, nikadhani ni uzee tu, kama mimi."

Tangu mwaka jana! Mjumbe alikuwa anapiga hodi mwaka mzima.

Fundi akafungua taa ya nyuma kulia. Balbu ilikuwa nzima. Akaunga waya mmoja kutoka kishikio cha taa mpaka hasi ya betri, na ile taa iliyokuwa inamulika kama kibatari ikawaka hadi tukafumba macho. Akacheka. "Mwalimu, hii taa haijafa. Ilikosa tu njia ya kurudi nyumbani." Msasa kidogo, skrubu mpya, grisi ya kuzuia unyevu, kwisha. Akasafisha pia swichi ya hazadi, nitawaambia kwa nini. Mlio wa kulia ukarudi sawa na wa kushoto.

Sasa turudi kwa yule mpwa. Flasha yake mpya ingepiga tik tik safi kabisa, maana nyingi za aina ile hazitegemei joto la taa. Mzee angefurahi. Na nyuma taa ingebaki kibatari vile vile. Wangekuwa wamemnyamazisha mjumbe na kuacha ugonjwa. Wahenga walisema mjumbe hauawi, na nadhani walikuwa wanajua mambo ya umeme pia, teh!

Jinsi ya kumsikiliza

Kwa yeyote mwenye gari la babu lililofunikwa turubai nyumbani, huu ndio mpangilio nilioelewa kwa yule fundi. Unaenda kwa maswali, na kila jibu linakupunguzia mahali pa kutafuta.

1. Washa hazadi. Zikiwaka taa zote nne vizuri wakati indiketa za kawaida hazifanyi kazi pande zote, basi balbu na njia za kurudi ziko sawa. Tafuta kwenye fyuzi, flasha ya indiketa, swichi ya usukani na swichi ya hazadi yenyewe. Ndiyo, ya hazadi! Kwenye 240Z umeme wa indiketa unapitia kwanza ndani ya swichi hiyo ikiwa imezimwa. Isipotumika miaka, vyuma vya ndani vinapata ukungu na indiketa zinakufa bila kosa lake. Kuibonyeza mara ishirini au thelathini kunaweza kuonyesha dalili za uhai, ila dawa kamili ni kuifungua na kuisafisha.

2. Upande mmoja mzima, mwingine mgonjwa? Flasha haina kosa, maana inahudumia pande zote. Tafuta balbu, kishikio chake, njia ya kurudi, au mguso wa upande huo kwenye swichi ya usukani.

3. Ukiweka indiketa na taa nyingine isiyohusika ikameremeta nayo? Njia ya kurudi imekatika, umeme umeamua kupita kwa jirani.

4. Taa zinawaka bila kuzima? Washa injini kwanza. Zikianza kupiga, betri ilikuwa dhaifu. Zisipoanza, hapo sasa unaweza kuishuku flasha.

5. Umeweka LED na flasha imegoma? Haijaharibika. Taa mbili za LED za wati 2 kila moja zinavuta kama theluthi moja ya ampea, hazitoshi kupasha ukanda uliozoea 3.5. Utahitaji flasha inayokubali LED, na ukishaiweka, zoea kuzunguka gari na kuangalia taa kwa macho kabla ya safari.

Chomoa betri kabla ya kuvuta nyaya. Na jamani, fyuzi ikikatika usiweke karatasi ya sigara wala waya mnene. Nyaya zile zina umri wa wazazi wetu, zikishika moto hazizimiki kirahisi.

Lugha ya barabarani

Kuna ukurasa wa historia hii ambao sisi tumeuandika wenyewe. Mliosafiri na basi la usiku mnaujua. Lori likiwa mbele yako mlimani, dereva wake akiweka indiketa ya kulia ilhali hakuna kona, anakwambia "usithubutu, mbele kuna gari". Akiweka ya kushoto, "pita, kweupe". Hakuna kitabu cha sheria kilichomfundisha. Ni lugha iliyozaliwa barabarani, na imeokoa watu wengi.

Lakini lugha hiyo nayo ina mtego. Ya kulia haina utata, maana awe anakata kulia au anakuonya, jibu ni lile lile: usipite. Ya kushoto ndiyo yenye maana mbili. Anaweza kuwa anakuruhusu, anaweza kuwa anaegesha tu wala hajaangalia kuna nini mbele. Ndiyo maana taa ya kulia iliyokufa ni hatari kuliko zote: inafuta neno moja muhimu kwenye lugha yetu, "usipite", na anayelifuta hajui kwamba amenyamaza.

Ndio maana nasema hii ni historia kamili, ina watu, ina mabadiliko na ina sababu. Na ina somo kwetu tunaojiandaa kusimama darasani. Mwanafunzi anayezubaa kwenye dawati la nyuma naye anapiga taratibu kwa sababu fulani. Kumbadilisha kiti, au kumtoa darasani, ni kama kubadilisha flasha. Ulizeni kwanza tangu lini mlio umebadilika.

Mzee hakuuza gari. Kioo kipya hajapata mpaka leo, vipuri vya 240Z si karanga.

Ni hayo tu kwa leo wadau. Wenye babu waliowahi kumiliki Morris Minor, waulizeni habari za ile ngumi kwenye nguzo, mje mnisimulie. Na aliyechukua desa langu la saikolojia ya elimu alirudishe, mtihani uko mlangoni. Alamsiki!